Kitabu cha Adhabu Nilichorithi

Mwalimu niliyempokea kazi ya nidhamu alinikabidhi vitu vitatu: ufunguo wa kabati, fimbo mbili za mpera na kauntabuku nene iliyoandikwa jaladani kwa kalamu nyekundu "Kitabu cha Adhabu". Shule yetu ni ya msingi, ya mchepuo wa Kiingereza, inamilikiwa na masista, nayo iko kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mahali ambapo masika yakianza barabara za juu hugeuka utelezi mtupu. Nilikuwa nimefundisha Hisabati hapo kwa miaka sita, na kama walimu wengi nilidhani kwamba nidhamu ni kazi ya mtu mwenye sauti nzito asiyecheka hovyo. Nilimweleza Sista mkuu wa shule kwamba sifa hizo sina. Akanijibu kuwa amenichagua kwa sababu mimi ni mwalimu wa Hisabati, basi nikahesabu kilichomo humo.

Likizo ya Desemba nikahesabu kweli, siku tatu nzima barazani kwangu, nikipiga vijiti vya tano tano kwenye karatasi. Zaidi ya nusu ya adhabu zote zilitokana na makosa mawili tu, kuchelewa na kuzungumza Kiswahili. Ugomvi, utoro wa Misa na kutomaliza kazi za nyumbani vilifuata kwa mbali. Halafu yalikuwapo majina 11 yaliyojirudia muhula hadi muhula, ya watoto wale wale, kwa makosa yale yale, na mara nyingi kwa idadi ile ile ya fimbo. Na safu ya mwisho, iliyokusudiwa sahihi ya mkuu wa shule, ilikuwa tupu karibu katika kila ukurasa.

Safu hiyo tupu ndiyo iliyonitia hofu kuliko yote. Kanuni za serikali kuhusu adhabu ya viboko shuleni, zile za mwaka 1979 zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2002, zinataka adhabu hiyo itolewe na mkuu wa shule mwenyewe au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na kila inapotolewa iandikwe. Mwanafunzi wa kike huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina mwalimu wa kike. Zaidi ya hayo, na hapa ndipo walimu wengi tunapopita haraka, viboko vimewekwa kwa ajili ya makosa makubwa, na lazima viangalie umri na afya ya mtoto. Nilijiuliza ni mwanasheria gani angekubali kwamba kuchelewa dakika tano ni kosa kubwa. Nilimpelekea Sista kanuni hizo pamoja na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, naye baada ya kuzisoma akaagiza kwamba tangu siku hiyo asichapwe mtoto yeyote kabla yeye mwenyewe hajaandika. Kwa kuwa hapendi kabisa kuandika, agizo hilo peke yake lilipunguza fimbo kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria.

Suala la wachelewaji nililielewa asubuhi moja ya mwezi Machi. Geti letu hufungwa saa 1:15, na basi la shule linalotoka vijiji vya juu lilikuwa limekwama kwenye tope, likafika saa 1:40. Mvulana wa darasa la nne, mmoja wa wale 11, alishuka na kuja kwangu moja kwa moja. Aliweka begi chini, akakunja mkono wa sweta hadi kwenye kiwiko, akanyoosha kiganja, kisha akageuza uso pembeni ili asiione fimbo ikishuka. Sikuwa hata na fimbo mkononi. Nilipomwuliza kwa nini anafanya hivyo wakati amekuja na basi la shule, na basi ndilo lililochelewa, alinitazama kama ninayemwuliza jambo la ajabu, akasema: "Mwalimu, sisi wa juu tunachapwa kila mvua ikinyesha." Nilirudi kwenye kauntabuku nikaoanisha tarehe na miezi, na karibu kila rundo la wachelewaji liliangukia masika au vuli. Kwa miaka mingi tulikuwa tukiwachapa watoto kwa kosa la dereva, na la dereva nalo lilikuwa la barabara. Dawa yake haikuwa ngumu: basi likaanza safari nusu saa mapema katika miezi ya mvua, na anayefika nalo akawa hahesabiwi kuwa amechelewa. Sitaki kujifanya mwerevu hapa, kwa maana basi hilo lilipita mbele ya macho yangu miaka sita bila kunishtua.

Kanuni ya lugha ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu wazazi huilipia. Mtoto aliyesikika akizungumza Kiswahili alivishwa kibao shingoni, akatembea nacho mpaka amnase mwenzake na kumvisha, na aliyekutwa nacho jioni ndiye aliyeadhibiwa. Matokeo yake ni kwamba tulilea wapelelezi. Nyakati za mapumziko watoto walijibanza nyuma ya vyoo kuwasikiliza wenzao, na waliojua Kiingereza kidogo walikaa kimya kama wageni msibani. Binti mmoja wa darasa la kwanza alijikojolea darasani kwa sababu sentensi ya kuomba ruhusa ilimpotea, na kuomba kwa Kiswahili aliogopa. Jambo ambalo lilinikera hata kabla ya hapo ni kwamba Ijumaa tulikwenda Misa parokiani, tukaimba na kusali kwa Kiswahili kwa sauti zetu zote, kisha tukavuka uwanja na lugha ile ile ikawa kosa. Nililisema hilo kikaoni kwa upole kadiri nilivyoweza. Kibao kiliondolewa, mwalimu wa Kiingereza akapewa kipindi cha ziada cha mazungumzo kwa madarasa ya chini, na kanuni ikabaki darasani tu. Walimu wawili waliendelea kununa mpaka Pasaka, na huenda bado wamenuna.

Kisa kilichonijaribu hasa kilitokea katika Kwaresima ya mwaka uliofuata. Watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha kimisionari cha watoto Wakatoliki, hukusanya sarafu zao katika kikasha kinachowekwa chini ya sanamu ya Bikira Maria kwenye korido. Jumatatu moja kikasha kilikutwa kimebanduliwa upande. Mwalimu mmoja alitaka darasa zima la tano lipige magoti juani mpaka mwizi ajitaje. Mwingine, kwa nia njema kabisa, alipendekeza tumwombe Padre atusaidie, kwa kuwa Jumatano watoto wangekwenda kitubio, kuungama dhambi zao kwake. Sista alisimama. Sijawahi kumwona amekasirika vile. Alisema kwamba siri ya maungamo haivunjwi kwa ajili ya papa wala mfalme, sembuse kwa kikasha cha sarafu, na kwamba atakayerudia wazo hilo atafute shule nyingine.

Nilitangaza mstarini kwamba mlango wa ofisi yangu utakuwa wazi, na kwamba atakayekuja atarudisha alichochukua lakini hatachapwa wala kutajwa. Siku mbili hakuja mtu, na minong'ono ya walimu ilianza kunifikia. Siku ya tatu, baada ya sala ya Malaika wa Bwana ya saa sita, aliingia msichana wa darasa la tano ambaye jina lake halikuwahi kuonekana katika kauntabuku. Alikuwa amepoteza kitabu cha maktaba. Kanuni yetu namba 31 ilitaka mwenye kupoteza alipe faini ndani ya wiki moja, la sivyo arudishwe nyumbani. Anaishi na shangazi yake, na ada yenyewe hulipwa kwa kudunduliza. Pesa alizochukua kwenye kikasha alizipeleka kwa mtunza maktaba wetu, naye alizipokea na kumpa risiti. Msichana alikuwa nayo mfukoni, imekunjwa mara nne. Alirudisha kwa kufuta vumbi vitabu vya maktaba kila Alhamisi mpaka muhula ulipoisha, na namba 31 tuliifuta. Kufikia hapo orodha ya kanuni 43 iliyokuwa kwenye fomu ya kujiunga ilikuwa imebaki na 14.

Katika kikao cha wazazi mzee mmoja alisimama na Biblia, akasoma Mithali 13:24, kwamba asiyetumia fimbo humchukia mwanawe, akauliza kama shule ya Kanisa imeanza kuona aibu Neno la Mungu. Makofi yalikuwa mengi. Sista alimjibu kwa Mtakatifu Yohane Bosco, aliyeishi na vijana watukutu wa Torino na mwaka 1877 akaandika kuhusu mfumo wa kuzuia kosa kabla halijatendeka, unaojengwa juu ya akili, dini na upendo wa upole, bila kipigo. Mzee aliketi, ingawa hakuridhika. Baba mwingine alisema kwamba kama fimbo zimepungua, basi na ada ipungue. Watu walicheka, kikao kikaendelea.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Mvulana mmoja wa darasa la sita aliwapiga wadogo na kuwanyang'anya vitumbua vyao, na kwake nilijaribu mazungumzo, mkataba wa maandishi, kumpa ukiranja wa usafi na kumketisha karibu nami wakati wa chakula, bila mafanikio. Nilimwita baba yake. Kabla sijamaliza sentensi ya pili, mzazi huyo aliinuka na kumzaba kijana kofi lililomwangusha kwenye kabati la mafaili, akaniambia: "Mwalimu, sasa ameelewa." Kijana hakulia. Aliokota mafaili yaliyodondoka, akayapanga sawasawa, akaniuliza kama anaweza kurudi darasani. Muhula uliofuata alihamishwa, nami sikupata nafasi ya kujaribu kingine. Kauntabuku mpya ina safu ya ziada niliyoichora mwenyewe kwa rula, imeandikwa "Chanzo", na kwa watoto wengi hujazwa kwa neno moja au mawili: mvua, ada, bibi mgonjwa. Kwa kijana huyo niliandika mpaka nafasi ikaisha, nikaendelea nyuma ya karatasi.