Kuangalia ndege kwa mtumbwi Mbweni: nilivyofanya

Nilichokitaka mwanzoni ni maziwa ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere: Tagalala, Manze, Nzerakera. Nipige kafi mwenyewe taratibu, niwakute ndege na wanyama hawana habari na mimi. Nilipoulizia, jibu likaja bila kuzungushwa: kule viboko na mamba ni wengi, mgeni anatembezwa kwa boti ya injini pamoja na mwongozaji, habari ya kimtumbwi peke yako sahau. Nauli, kiingilio na malazi navyo vilinizidi. Nikaona nitafute maji yaliyotulia hapahapa Dar.

Mtu wa mjini ukimwambia bahari atakutajia Coco au Mbudya. Mimi niliangukia Mbweni, ambako Mto Mpiji, unaotenganisha Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani, unaingia baharini katikati ya mikoko. Daladala inanishusha Tegeta, bodaboda inamalizia. Kabla sijagusa maji nilipita serikali ya mtaa, halafu kwa BMU, wale wanakikundi wanaolinda rasilimali za bahari. Usiiruke hatua hii. Mikoko ni msitu wa hifadhi na kuikata ni kosa, kwa hiyo mgeni anayezungukazunguka humo na darubini shingoni atadhaniwa ama mkataji ama aliyetumwa kuwakamata wakataji, na sijui kipi kina usalama zaidi. BMU ndio walionipeleka kwa mzee mwenye mtumbwi.

"Shikamoo babu. Ati humo ndani kuna mamba?"

"Marahaba, binti. Kwenye maji ya chumvi sijamwona. Huko juu kwenye maji baridi sikupeleki. Sasa niulize la maana: maji yanajaa saa ngapi?"

Na kweli ndilo lililokuwa la maana. Mimi nilikuwa nimepanga Jumamosi, kwa sababu Jumamosi siendi kazini. Mzee anapanga kwa mwezi. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa ndiyo kwanza unaandama, maji ya Dar hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne. Tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kupita mita 3, maana yake njia uliyoingilia ukielea unaweza kuikuta ni tope tupu. Kila siku inayofuata maji yanachelewa kama dakika 50. Ukihesabu hivyo, mwezi ukiwa na siku kumi na saba au kumi na nane, au siku ya pili na ya tatu ya mwezi mchanga, maji yanakuwa yamejaa kunapokucha. Hizo ndizo siku za kwenda. Jumamosi ikiangukia hapo, vizuri. Isipoangukia, naomba ruhusa kazini au nalala.

Faida yake ni kwamba bahari inakufanyia kazi kote kuwili. Tunaingia gizagiza na maji ya mwisho ya kujaa, yanatusukuma hadi ndani ambako mikoko inakaribiana. Tunangoja yasimame. Yakianza kupwa tunayaacha yatutoe. Mzee anakaa tezi, yaani nyuma, na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, analigusa tope mara mojamoja tu ili mtumbwi usikae ubavu. Mimi nakaa omo, yaani mbele, chini kabisa, mikono mapajani. Nimekuja kuamini kwamba ndege hana ugomvi na chombo. Anachokikimbia ni mkono unaopanda na kushuka. Ukipiga kafi, yangeyange wananyanyuka ukiwa mbali bado. Ukielea tu, unawapita karibu mpaka darubini inakuwa haina kazi.

Na maji yakishuka ndipo mambo yanapoanza. Tope linajitokeza pembeni, kwanza ukanda mwembamba chini ya mizizi ya mikoko, kisha uwanja mzima uliojaa vijiti wima ambavyo ni mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, ikitafuta hewa. Kaa wadogo wanatoka mashimoni; madume wana gando moja kubwa na wanalipunga mfululizo. Wapo na samaki wenye macho juu ya kichwa ambao maji yakiondoka wao wanabaki, wanajikokota topeni kwa mapezi, na wakitishika wanaruka. Wanaweza kukaa nje hivyo kwa sababu wanavuta hewa kwa ngozi yao, almuradi isikauke. Nilimwangalia mmoja akijibiringisha kwenye kidimbwi ubavu huu, halafu ubavu wa pili.

Lakini ndege ninayemfuata mimi ni kulastara mweusi. Mwili wote mweusi, miguu myeusi, vidole tu ndiyo vya njano, utadhani kakanyaga rangi. Anatembea kwenye maji ya kina kifupi, anasimama, anainama, halafu anafungua mabawa yote mawili kuelekea mbele mpaka ncha zinagusa maji na kichwa kinapotelea ndani. Sekunde mbili tatu. Anafunga, anapiga hatua kadhaa, anafungua tena. Inadhaniwa samaki wadogo wanakimbilia kile kivuli, na yeye naye anaepuka mng'ao wa jua. Siku maji yalipotupitisha jirani naye nilisikia mabawa yakifunguka. Mzee, ambaye amewaona tangu utoto, alinong'ona tu, "Huyo mwizi," akaendelea na pondo lake.

Vifaa havikunigharimu sana. Jaketi okozi nilinunua, na hili sibishani na mtu, hata kama unajua kuogelea na hata kama mzee mwenyewe anacheka. Darubini ni ya mtumba. Simu, maji na vitumbua vinakaa kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko. Haipitishi maji, na ikianguka inaelea. Kopo la kukumbia maji ni la lazima kwa sababu mtumbwi wa mwembe haukosi kuvuja. Vaa nguo za rangi ya udongo, mikono mirefu, maana usubi wa alfajiri hauna huruma. Viatu vya wazi acha nyumbani, tope linavinyonya.

Kuhusu malipo, mpe mwenye mtumbwi kiasi ambacho angepata kwa kuvua asubuhi ile, na mpatane kabla ya kupanda. Ukimlipa pungufu atakuwa na haraka ya kurudi, na haraka ndiyo kafi yenyewe.

Msimu mzuri ni kuanzia Septemba hadi Machi, maana ndege wa kutoka kaskazini wanakuwa wamehamia kwetu: sululu wenye midomo iliyopinda, vitwitwi wa kila namna, na yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene anayevunja kaa, ambaye huzalia kwenye mashimo ya mchanga huko Somalia na Uarabuni. Aprili wengi wao wameshaondoka, masika imeanza na Mpiji unashusha maji ya udongo. Kipindi hicho mzee anautaka mtumbwi wake kwa ajili ya kaa koko, na mimi simsumbui mpaka aniambie mwenyewe kwamba wageni wamerudi.