Nilivyofufua katapila kuukuu la kuchimbia lambo Kongwa

Kilichonifanya ninunue katapila ni lambo la mifugo. Shamba letu liko Kongwa, mkoani Dodoma. Eneo lipo la kutosha na hati ya kimila tunayo. Shida ni maji. Mvua inaanza Desemba, Aprili imekwisha, na kuanzia Agosti ng'ombe wanapoteza nusu siku njiani kwenda kunywa. Mitambo ya kukodi ipo, ila mwenyewe anaileta anapotaka yeye, na akipata kazi ya barabara huko Dodoma anaondoka na kukuachia shimo lisilo na tuta. Mimi nilikuwa na kazi ya misimu kadhaa: lambo kwanza, kisha kusafisha pori la mashamba mapya, kisha njia ya kuingilia. Kazi isiyo na haraka ndiyo inayofaa mtambo mzee. Mkandarasi akikosa spea wiki mbili amekula hasara. La kwangu likisimama, nasubiri.

Mitambo mizee ipo mingi kuliko mtu anavyodhani. Utaikuta kwenye mashamba ya mkonge, kwenye yadi za makandarasi waliofunga kazi, na kwenye minada. Mshindani wako hapo si mkulima mwenzako, ni watu wa chuma chakavu. D6, aina ya katapila la Caterpillar niliyoishia kununua, ina tani 14 hivi, na muuzaji anajua vizuri wenye mitungi ya gesi ya kukatia chuma watampa kiasi gani kwa kilo, kwa hiyo bei haiwezi kushuka chini ya hapo. Anayekutajia zaidi ya mara mbili ya bei hiyo, muulize anakuuzia nini cha ziada, kisha umwambie awashe mtambo uone.

Fundi wetu, mzee aliyekulia kwenye kambi za barabara, aliniambia kabla hatujaanza kuzunguka: "Mwanangu, injini ina kelele, ndiyo maana kila mnunuzi anaisikiliza hiyo tu. Wewe kagua miguu."

Miguu ni minyororo, pini na bushi (vibomba vya chuma vinavyozivika pini), rola za juu na za chini, aidla, yaani gurudumu la mbele, na sproketi, gurudumu la meno la nyuma linalovuta mnyororo. Hapo ndipo pesa inapoishia. Seti mpya ya miguu kwa mtambo wa umri huu inakaribia bei ya mtambo wenyewe, na mara nyingine inaipita. Nimeona D7, kaka yake D6, injini inanguruma vizuri ajabu, rangi imepigwa juzi, huku meno ya sproketi yamechongoka kama ya papa. Nikamshukuru dalali, nikaondoka.

Kupima mnyororo hakuhitaji mtaalamu. Unachukua pini ya zamani, unaiweka kwenye meno ya sproketi kwa nyuma, opereta anarudisha mtambo polepole mpaka mnyororo wa juu ukaze kabisa. Unafuta tope, unaweka futi ya chuma, unapima kutoka pini hadi pini. Kwa D6C iliyo mpya, kila kiungo ni milimita 203, kwa hiyo viungo vinne ni 812. Kila milimita inayozidi hapo ni ulaji wa pini na bushi. La kwetu lilikuwa limezidi, ila bado lilikuwa ndani ya kiwango ambacho pini na bushi zinaweza kugeuzwa. Bushi inaliwa upande mmoja tu, ule unaosukumwa na sproketi. Ukiitoa na kuigeuza nusu mzunguko, unapata upande mzima na mnyororo unaanza maisha ya pili. Muuzaji hakuwa na habari hiyo. Yeye alikuwa anasifia betri mpya.

Namba ya mtambo ilianza na 10K. Hiyo ni D6C, na ndani yake kuna injini ya 3306, silinda sita, lita 10.5. Injini hiyo sikuiogopa hata kidogo, kwa sababu Caterpillar waliifunga karibu kila mahali: kwenye D7G, kwenye magreda ya 140G ambayo halmashauri nyingi zimeyatumia, kwenye shoveli za 966, hata kwenye majenereta. Laina, pistoni, ringi, gasketi, vyote unavipata Dar es Salaam, vipya au vilivyotumika. Ukinunua mtambo wa kampuni isiyo na injini nyingine yake nchini, utakuwa unaagiza kila bolti.

Tuliiwasha ikiwa baridi. Hapo usikubali kukuta imeshapashwa. Moshi mweusi kidogo mwanzoni hauna neno, ila wa bluu usiokoma ni oili inayoungua, na mweupe unaong'ang'ania baada ya injini kupata moto ni wa kuulizia. Fundi alifungua mfuniko wa oili injini ikiwa inazunguka, akaweka kiganja juu ya tundu. Mvuke ulitoka kwa kupumua, haukutoka kwa kusukuma, maana yake ringi bado zinabana. Akachota oili ya fainali, yaani gia za mwisho zinazozungusha sproketi, kulia na kushoto, akaisugua kati ya vidole juani akitafuta vumbi la chuma. Kulia ilikuwa nyeusi tu. Kushoto iling'aa kidogo. Tulishusha bei kwa kidole hicho.

Baada ya lobedi, lori la kubebea mitambo, kulishusha shambani, kazi ya kwanza ilikuwa kusafisha. Naisema kwa sababu watu hukimbilia spana. Tulishusha sahani ya chini ya injini tukakuta udongo, majani makavu na oili vimeshikana unene wa kiganja. Hayo ndiyo yanayochoma mitambo: bomba la dizeli linavuja, ekzosi ina moto, majani yapo tayari. Tangi la dizeli lilikuwa na matope chini, na nyigu walikuwa wamejenga kwenye mfuniko. Rejeta tuliipiga maji kinyume na njia ya upepo wa feni, ili uchafu urudi ulikotoka. Tulibadilisha chujio zote, oili zote, hozi mbili za haidroliki za bleidi, lile sahani la mbele la kusukumia udongo. Waya zilikuwa zimetafunwa na panya, tukazivuta upya kutoka kwenye betri. Ni betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfululizo.

Minyororo tuliipeleka mjini kwenye mashine ya kusukumia pini, maana kazi hiyo inataka presi kubwa, na nyundo haiiwezi. Wakati haipo, fundi alifungua fainali ya kushoto akabadilisha beringi iliyokuwa inamwaga chuma. Klachi ya kukatia kona upande huo huo ilikuwa imeisha sahani, ndiyo maana mtambo ulipenda kwenda kushoto.

Kuna jambo moja nalisisitiza kwa kila anayenunua. Mnyororo unakazwa kwa grisi, unapampiwa kwenye silinda iliyo ndani ya fremu ya rola. Kuulegeza, unafungua vali mzunguko mmoja tu, umesimama pembeni, grisi inajitoa yenyewe. Humo ndani kuna shinikizo la kutoboa mwili. Na usiukaze ukawa kama waya wa gitaa. Uache ulegee kiasi cha sentimita nne kati ya rola ya juu na aidla, la sivyo unasaga bushi mpya kwa pesa yako mwenyewe. Mpwa wangu ndiye opereta. Nilimkataza kabisa kurudi nyuma kwa gia ya juu, maana rivasi ya kasi ndiyo inayokula bushi na sproketi kuliko kusukuma udongo.

Kongwa ina historia na mitambo kuukuu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha hapa Mpango wa Karanga, wakakusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika na zilizobaki Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Walileta matrekta na mabuldoza yaliyobaki vitani, mengine yalinunuliwa Ufilipino, na wakageuza hata vifaru vya Sherman kuwa matrekta. Mitambo ikafa kwa kukosa spea na mafundi, mvua ikawa haba, na udongo, uliokuwa laini wakati wa masika, ukakauka ukawa zege. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Wazee wa hapa wakiona katapila linashushwa hucheka kwanza, halafu ndipo wanasalimia.

Udongo ule ule ndio nilionao. Kwa hiyo hatukuchimba Septemba. Tulianza Mei, ardhi ikiwa bado na unyevu, bleidi inaingia kwa ulaini na dizeli inaliwa kidogo. Hata hivyo hesabu lita 20 na zaidi kwa saa, mtambo huu si pikipiki. Kibali cha bwawa tulikifuata Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na mibuyu tuliiacha ilipo.

Udongo wa juu, wenye mizizi, tuliusukuma pembeni. Tukachimba mtaro chini ya mstari wa tuta mpaka kwenye mfinyanzi, tukaujaza mfinyanzi huo huo ili maji yasipite chini. Tatizo la katapila ni kwamba halishindilii vizuri, kwa sababu minyororo imetandaza uzito mahali papana. Unaweza kupita mara nyingi utakavyo, udongo wa chini unabaki mlegevu. Rola ya kondoo, ile ya kushindilia yenye vidole kama kwato, hatukuwa nayo. Tukamwaga udongo tabaka la kiganja kimoja, tukanyunyiza maji, tukapitisha kundi zima la ng'ombe juu yake, kwenda na kurudi, kisha tabaka lingine. Kwato zinashindilia kuliko tani 14 za chuma. Pembeni tukaacha utoro wa maji, yaani njia ya kutokea maji ya ziada lambo likijaa, mpana, wenye majani, chini ya kilele cha tuta kwa zaidi ya nusu mita.

Masika yaliyofuata lambo lilijaa hadi kwenye utoro na tuta halikuvuja. Fainali ya kulia sasa ndiyo inayotoa jasho la oili kwenye sili. Tunaiongeza kila wiki, na kiangazi kijacho tutafungua mnyororo upande huo. Jirani yetu naye anataka lambo. Tumekubaliana dizeli ni yake, chakula cha opereta ni chake, na malipo ni mitamba wawili, wa kwanza kabla lobedi haijaondoka kwangu.