Nilivyobadilisha sakafu ya pikapu ya kubebea mwani

Mwani hata ukiwa mkavu una chumvi, na chumvi hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo bati lililo chini ya magunia halikauki. Maji hayo hujificha kwenye maungio, baina ya bati na vyuma vya mkingamo vinavyolibeba. Hilux niliyoishughulikia Micheweni, Pemba, ilikuwa na viraka vitatu kwa juu. Nilipogonga nyundo kwa chini, vyuma vilimeguka vipande vipande. Kiraka juu ya kutu kinaifungia chumvi ndani tu.

Bodi la nyuma la kubebea mzigo nililitoa lote, maana tanki la mafuta limo chini yake. Boliti nilizilowesha mafuta siku mbili kabla. Zilizokataa nilizikata kwa msumeno wa mkono, si kwa grenda wala moto. Watu sita walilinyanyua.

Kabla ya kukata sakafu nilichomelea skwea paipu (bomba za chuma za mraba) mbili kutoka ubavu hadi ubavu, moja upande wa kabini, nyingine karibu na mlango wa nyuma. Hili wengi hawalifanyi. Sakafu ikishatoka mbavu hutanuka, ukaja kuchomelea bati jipya, na mlango haufungi tena. Nilipima pia pembe kwa pembe, vipimo viwili vikawa sawa. Matundu ya boliti niliyachora kwenye plaiwudi vyuma vya zamani vikiwa bado mahali pake.

Sakafu ilikuwa na urefu wa sentimita 218 na upana wa 152. Nilinunua bati mbili za milimita 2, futi 4 kwa 8. Moja ina uzito wa karibu kilo 47. Nilizilaza kwa mkingamo, kila moja nikaikata sentimita 152, ili kiungo cha katikati kikalie juu ya chuma. Mabaki yalitosha kuziba sehemu zinazofunika tairi. Vyuma vya mkingamo vilikuwa vitano, vya umbo la U, mdomo ukitazama chini. Skwea paipu ni nyepesi kufanyia kazi, lakini maji yakiingia ndani yake hayatoki, nayo huoza bila kuonekana.

Nyuso zinazogusana nilizipaka redi oksaidi, rangi ya kuzuia kutu, kwanza, nikaacha wazi sehemu za kuchomelea tu. Nilitumia vijiti vya milimita 2.5, ampea 70 hivi. Nilipiga nukta za sentimita 2 kila baada ya sentimita 15, nikihama kutoka kona moja hadi ya pili, kwani ukichomelea mstari mmoja mfululizo bati hupata joto likajikunja kama wimbi. Nyufa zilizobaki baina ya nukta nilizijaza silanti, gundi ya kuziba maji. Hapo ndipo chumvi ingerudi.

Nilitoboa matundu manne ya milimita 12 kwenye kona, maji yapate njia. Kisha nikasugua kwa brashi ya waya, nikaosha kwa maji matamu asubuhi, nikaanika juani, na nikapaka siku ile ile kabla ya umande wa jioni. Rangi ikipakwa juu ya chumvi huvimba malengelenge hata iwe ghali vipi. Chini nilipaka lami mikono miwili, bodi likarudi juu ya chasisi kwa mipira mipya na boliti zilizopakwa grisi.