Siku Baba alipovua kofia

Binti yangu alikuwa akichambua kopo la vifungo, akatoa humo sarafu ya shilingi tano, ile ya zamani yenye pembe saba. Akaigeuzageuza. "Huyu ni nani?" Nikamwambia ni Rais Moi. "Alikuwa mzuri ama mbaya?" Kabla sijafungua mdomo nikaikumbuka kofia ya Baba.

Jumatatu, 30 Desemba 2002, siku Moi alipomkabidhi Mwai Kibaki urais. Tulishuka Railways, Nairobi, mapema asubuhi, tukapanda na Haile Selassie Avenue katikati ya umati uliokuwa ukikubeba utake usitake. Uhuru Park ilikuwa imejaa hadi juu ya miti. Watu walikuwa wamelichukua pambio la kanisani wakaligeuza maneno: yote yawezekana bila Moi. Niliimba mpaka sauti ikakauka. Nilikuwa nimezaliwa na kukua chini ya rais mmoja. Tangu Agosti 1978 picha yake ilikuwa kwenye ukuta wa kila duka, sura yake kwenye pesa, maziwa yake shuleni, na taarifa ya habari redioni haikuanza mpaka tuambiwe Mtukufu Rais ameamkia wapi.

Baba alikuwa na sababu kubwa kuliko yangu. Mwaka 1988, kwenye uchaguzi wa mlolongo, alipanga foleni nyuma ya picha ya mgombea ambaye wakubwa wa kwetu hawakumtaka. Mlolongo haukuwa na siri: unasimama juani, na kila mtu anaona umesimama nyuma ya nani. Muhula haukuisha kabla ya mkubwa mmoja kumpelekea barua ya kumwachisha ualimu, mistari mitatu, bila sababu. Tangu hapo akawa mtu wa kukodi shamba na kuomba mvua.

Kwa hiyo nilitegemea afurahi kuliko sisi sote.

Msafara wa Moi ulipoingia, tope likaanza kuruka. Mbele yetu palikuwa na kijana wa rika langu. Aliinama akachota tope kwa viganja viwili, akalifinyanga taratibu likawa donge, akarudisha mkono nyuma. Baba akaudaka kwenye kifundo. Hakumvuta wala hakumsukuma, aliushika tu. Tope likapenya katikati ya vidole vya yule kijana, likachuruzika hadi kwenye mkono wa koti la Baba, koti lake la pekee la kwendea mahali.

"Kijana wangu," akamwambia, "tumemshinda kwa kura. Tope la nini tena?"

"Mzee, wewe hujui huyu mtu ametufanyia nini."

Baba akamtazama. Niliona mdomo wake ukijiandaa kusema, nikangoja ile habari ya foleni, barua, na mama yangu kuuza cherehani yake. Hakusema hata neno moja. Akaachia mkono. Kijana akasimama na tope lake, akitutazama kwa zamu, kisha umati ukatusukuma na sikuona kama alilirusha.

Moi aliposimama kuhutubia, kelele za kumzomea zilipanda hata nikashindwa kusikia anachosema. Hapo ndipo Baba alipovua kofia. Akaishika kifuani kwa mikono miwili, kichwa wazi chini ya jua lile. Mtu nyuma yetu akapaza sauti: "Mzee, wewe ni KANU?" Yaani chama cha Moi. Baba hakugeuka. Niliona aibu, kisha hasira, na sikujua hasira yenyewe ni ya nani.

Kibaki alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu ndani ya plasta kutokana na ajali ya barabarani ya mwanzoni mwa mwezi ule. Katika hotuba yake alisema anarithi nchi iliyoharibiwa na miaka ya uongozi mbovu, na Moi ameketi pale pale akisikia. Umati ukalipuka. Baba naye alipiga makofi kwa nguvu zake zote, kofia ameibana kwapani. Naliweka wazi hili kwa sababu ndugu zangu wakisimulia siku ile huliacha.

Njiani kurudi nilimuuliza. Akasema katiba ilimwambia Moi vipindi vyake viwili vimekwisha, na yeye akakaa kwenye kiti kile mchana kweupe akakabidhi. "Na huyu wa leo naye ataondoka siku moja," akasema. "Alikuwa anatuangalia."

Tarehe iyo hiyo, 30 Desemba 2007, Kibaki aliapishwa Ikulu jioni, harakaharaka, matokeo yakiwa bado yanabishaniwa. Watu zaidi ya elfu moja walikufa katika ghasia zilizofuata. Siwezi kusema tope la Uhuru Park lilihusika. Mambo yaliyotufikisha pale yalikuwa mengi na mazito. Lakini usiku ule niliyafikiria maneno ya Baba, na bado nayafikiria kila uchaguzi unapokuja na kiongozi anayetakiwa aondoke.

Upande wa pili nao unanikaba. Mwaka 2003 vyumba vya mateso vya enzi ya Moi, chini ya jengo la Nyayo House, vilifunguliwa watu wakaviona. Kuna waliosimamishwa mle ndani ya maji, siku baada ya siku. Mmoja wao angekuwa karibu nasi Uhuru Park, ningethubutu kumwambia avue kofia? Nadhani nisingethubutu. Na angerusha tope, nisingemlaumu.

Moi alipofariki Februari 2020, foleni ya kuutazama mwili wake bungeni ilikuwa ndefu. Nilimuuliza Baba kama angependa nimpeleke. Akasema hapana, heshima yake alimpa siku ile akiwa mzima, akiwa anazomewa. Kisha akaniomba nimsomee barua aliyokuwa amepata, kwa kuwa macho yalikuwa yamechoka. Ilihusu madai yake ya kazi aliyonyang'anywa, madai aliyoanza kuyaandika Januari 2003, hata wiki tatu hazijapita tangu Uhuru Park. Walikuwa wakiomba nakala nyingine ya ile barua ya mistari mitatu. Akasema kesho yake twende mjini tukaitoe kopi.