Muhimbili au Bugando: namba ya siri iko kwenye simu na zimebaki siku nne za kuthibitisha chuo

Jina langu nililiona saa nne usiku kwenye lile faili la TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, la waliochaguliwa zaidi ya chuo kimoja. Lipo mara mbili. Udaktari wa Binadamu Muhimbili, Udaktari wa Binadamu CUHAS, chuo cha afya cha Kanisa Katoliki pale hospitali ya Bugando, Mwanza. Nikapiga yowe mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, baba akazima redio, tukakumbatiana wote pale sebuleni, yani nalia na kucheka kwa wakati mmoja.

Furaha ile ilikaa mpaka asubuhi tu, maana asubuhi ndo maswali yakaanza.

Kwa ambao hawajapitia hili, ukichaguliwa vyuo viwili unatumiwa namba ya siri kwa meseji, unaingia kwenye akaunti yako ya maombi kwenye chuo unachokitaka, unaiweka pale, basi umethibitisha, na kile kingine nafasi yako anapewa mtu mwingine. Huwezi kuvishika vyote viwili ukaangalia kwanza upepo. Na vyote viwili ni vyuo vizuri, hapo ndo shida ilipo, kingekuwa kimoja kibovu ningelala.

Ukoo ulikuwa umeshaamua. Baba mkubwa alipiga simu kutoka Kahama akasema mwanangu Muhimbili ni Muhimbili, chuo kimeanza kufundisha madaktari 1963, nchi ina miaka miwili tu toka ipate uhuru, wewe unauliza nini tena? Shangazi wa Mbagala naye akasema atanipa chumba. Mwalimu wangu wa baiolojia alivyoona nina divisheni wani ya pointi 5 PCB (fizikia, kemia na baiolojia) alishaanza kuniita daktari wa Muhimbili hata kabla sijaomba chuo. Nawaheshimu wote, shikamoo zao. Ila hii hoja ya jina mi sikubaliani nayo na nitaisema wazi. MD, yani hiyo shahada ya udaktari, ni miaka mitano kote kuwili, baada ya hapo ni mwaka mmoja wa utarajali (intern) hospitalini, na anayekusajili uwe daktari ni Baraza lile lile la Madaktari Tanganyika. Mgonjwa aliyeletwa saa nane usiku anapumua kwa shida hajali cheti chako kina nembo gani.

Sasa niwaambie kwa nini mi moyo wangu ulikuwa Bugando.

Sisi ni wa Sengerema. Mdogo wangu ana miaka kumi na moja sasa hivi na ana selimundu (sickle cell), ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Tulichelewa kujua, zahanati moja walimpa dawa za malaria karibu miezi mitatu mfululizo wakati mikono na miguu imevimba na anapiga kelele ukimgusa. Alivyokuwa na miaka minne akazidiwa usiku, tukapewa rufaa kwenda Bugando, wakati huo daraja la Kigongo-Busisi bado (limefunguliwa 2025), so ni kivuko. Tulikaa upande wa Busisi zaidi ya saa mbili tunasubiri, upepo wa ziwa unapiga, na mtu wa selimundu baridi ndo adui yake, ikimpata tu maumivu yanapanda. Mama alimfunga vitenge vitatu na khanga yake ya kichwani. Mi nilikuwa namsugua miguu. Nilikuwa darasa la saba na pale kwenye maji ndo nilipoanza kusema nataka udaktari, kabla ya hapo nilikuwa nasema tu ualimu kama kila mtu.

Toka siku hiyo Bugando kwetu ni kama nyumbani kwa pili. Nimepanda kile kilima mara nyingi kuliko nilivyokwenda sokoni. Nimewaona wanafunzi wa udaktari wamezunguka kitanda cha dogo na makoti yao meupe, daktari bingwa anawauliza maswali, kuna dada mmoja aliinama akamuuliza dogo kwa Kisukuma anaumwa wapi na dogo akamjibu, wakati wengine wote aliwanyamazia. Namkumbuka yule dada mpaka leo. Na Kanda ya Ziwa ndo kwenye huu ugonjwa hasa. Kuna utafiti ulichapishwa 2020, walipima damu za watoto wadogo zaidi ya 17,000 wa mikoa ya huku kaskazini magharibi, wakakuta karibu mmoja kati ya watano kabeba kinasaba cha selimundu na zaidi ya mmoja katika kila mia ana ugonjwa wenyewe. Nikisoma Bugando nawasomea watu wa kwetu, wale wanaosubiri pale kwenye benchi na mama yangu.

Nilikuwa nimeshaamua kabisa, niseme ukweli.

Ila nikasema ngoja nifanye kitu cha maana, niongee na watu wanaosoma huko sasa hivi badala ya kusikiliza watu ambao hawajawahi kuingia hata geti. Nikapata namba za wanafunzi wawili wa mwaka wa nne, mmoja kila chuo, na daktari mmoja aliye kwenye utarajali. Sikuwauliza chuo gani kizuri, maana kila mtu angesema cha kwake. Niliwauliza jana ulifanya nini toka asubuhi. Jamani hili swali waulizeni, linafungua mambo.

Wa Bugando aliniambia alikuwa wodi ya watoto, kachukua historia za wagonjwa watatu, amewasilisha mmoja kwenye raundi, mchana akaenda leba. Wa Muhimbili alikuwa upande wa moyo, Taasisi ya Jakaya Kikwete ipo hapo hapo ndani ya eneo la Muhimbili, na MOI ya mifupa na ubongo nayo ipo hapo hapo. Hospitali ya Muhimbili ndo walipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini 2017. Wote wawili walikubaliana kwamba raundi zina watu wengi na aliyekaa nyuma hasikii kitu, ukitaka kujifunza inabidi ubaki wodini wenzako wakishaondoka. Yule mtarajali akaongeza kwamba miaka miwili ya mwanzo utakuwa na anatomia, fiziolojia na baiokemia, maiti na hadubini, mgonjwa utamwona kidogo sana, kwa hiyo nisidanganyike kwamba nikiripoti tu mwezi wa kumi nitakuwa namtibu mtu.

Afu nikamwambia habari ya dogo. Akaniuliza, unajua Muhimbili wanafuatilia wagonjwa wa selimundu toka 2004? Nilikuwa sijui. Maelfu ya wagonjwa, wanasema ni moja ya makundi makubwa duniani yanayofuatiliwa sehemu moja. Nilikaa kimya kwenye simu mpaka akadhani imekatika. Mi nilikuwa nimegawa hivi kichwani: Bugando kuna watu wangu, Muhimbili kuna jina. Kumbe na Muhimbili kuna watu kama dogo, na kuna watu wamekaa miaka ishirini wanauliza maswali yale yale mi nauliza toka pale kivukoni, kwa nini yeye, kwa nini leo, kwa nini mwenzake mwenye ugonjwa huo huo anacheza mpira.

Halafu hela. Hapa ndo pagumu na watu wengi wanaona aibu kupaongelea.

Muhimbili ni chuo cha serikali, Bugando ni cha Kanisa Katoliki. Ada ya udaktari Bugando ni zaidi ya mara mbili ya Muhimbili, zidisha mara miaka mitano. Watu wanasema si kuna mkopo? Mkopo upo ndio, nimeomba HESLB, Bodi ya Mikopo, ila majibu yake yanakuja wakati we umeshathibitisha chuo, na hakuna anayekuhakikishia kwamba utafunika ada yote. Ukipata pungufu chuo cha binafsi, ile iliyobaki ni ya mzazi. Na hata ukipata, boom, yani hela ya kujikimu, ya elfu kumi kwa siku unakula, unapanga, unanunua vitabu, na ukishaajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe.

Baba alisikia nakokotoa kwa sauti. Akasema, mwanangu chagua unakotaka, ng'ombe wapo. Ng'ombe wako saba. Mi najua hao ng'ombe ni wa nini. Maziwa yao ndo nauli ya kliniki ya dogo kila mwezi, ndo vidonge vyake vya foliki, ndo haidroksiyurea, dawa yake ya selimundu, ikikosekana kule inabidi tununue duka la dawa. Baba alisema vile kwa upendo wote na najua angeuza kweli, angeuza hata wote saba na asiseme neno. Nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi.

Nikifikiria kusoma kuhusu selimundu kwa hela iliyotolewa kwenye dawa za mwenye selimundu, sikuweza.

Kuna kitu yule mtarajali alisema kilinisaidia kulala. Chuo unachosomea sio lazima uishie hapo hapo, utarajali unaweza kuomba hospitali nyingine, na Bugando ni mojawapo. So nikimaliza Dar naweza kurudi kwenye kile kilima nikiwa na koti, na nikainama nikamuuliza mtoto kwa Kisukuma anaumwa wapi. Nimeiandika hiyo kwenye daftari langu, mwaka na kila kitu.

Jana saa tatu usiku nikachukua simu ya baba maana yangu chaji iliisha, nikafungua akaunti ya Muhimbili, mama akanisomea ile namba ya siri polepole tarakimu moja moja kama anasoma sala, nikaiweka, nikarudia kuihakiki, nikabonyeza. Ikaandika nimethibitisha. Baba hakusema kitu, alinishika bega akatoka kwenda kuangalia zizi.

Kutoka huku mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,100. Dogo alikuwa amejifanya amelala kwenye mkeka, kumbe anasikiliza yote. Akaniuliza, dada, huko Dar kuna baridi? Nikamwambia hakuna, ni joto mwaka mzima. Akafikiri kidogo akasema basi na mimi nitakuja.