Chalbi kwa pikipiki

Kaskazini ya Marsabit tuliiacha lami ya Moyale tukakata kushoto kuelekea Maikona, na mzaha ukaishia hapo. Njia yote mawe meusi ya volkano, makubwa kama ngumi, yanabingirika chini ya tairi. Kule mbele rafiki yetu tunayemwita Fundi alikuwa amesimama juu ya vikanyagio, magoti yamekumbatia tangi, mikono imelegea. Hiyo ndiyo namna. Ukiubana usukani, utaumwa mabega na bado utaanguka.

Wengi wakisikia jangwa hufikiria mchanga. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale, tambarare, nyeupe kwa chumvi. Kiangazi unapaa tu, hakuna kona, hakuna mti. Ila pale ukoko ulipo na rangi nyeusi kidogo, kaa mbali: chini yake kuna tope, na pikipiki ya kilo 150 ikizama hapo mtaivua kwa kamba na matusi.

Kalacha kuna chemchemi na mikoma. Wagabra walikuwa wakinywesha ngamia, nasi tukaketi mbali kidogo tusiwashtue wanyama, Fundi akiziba pancha huku mzee mmoja akimkosoa kila hatua. Mzee alikuwa sahihi, kusema kweli.

North Horr petroli iliuzwa kwa chupa. Ichujeni kwa kitambaa. Na mkifika Loiyangalani, fungeni hema kwenye mawe mazito. Upepo unaoshuka Mlima Kulal usiku hauna adabu.