Siku moja ya fundi wa sauti za gemu, Sinza

Saa 11:20 alfajiri

Adhana imekwisha, kunguru hawajaanza. Kwa anayerekodia chumbani Dar, nusu saa hii ndiyo studio ya bei nafuu kuliko zote, maana ikigonga saa 12 Shekilango nzima inapiga honi. Pangaboi linazimwa. Friji nalo linachomolewa, na funguo za mlango zinawekwa ndani yake, ili usije ukatoka ukaacha samaki waoze.

Kazi ya leo ni nyayo. Gemu ni ya simu, na mhusika anatembea juu ya mchanga, mbao na saruji. Kwa mchanga unahitaji karai moja, mchanga wa kujengea uliochekechwa na kuanikwa hadi ukakauka kabisa, kina cha sentimita 5 hivi, na kandambili. Mchanga wenye unyevu haulii, unameza hatua. Chini ya karai tandika blanketi lililokunjwa, la sivyo utarekodi bati. Kandambili huvaliwa mkononi, si mguuni: kisigino cha kiganja kinatangulia, vidole vinafuata, na uzito wa hatua unautawala mwenyewe. Maiki ikae pembeni, sentimita 30 hivi, mbali na vumbi.

Vilele vya sauti viishie karibu na -12 dB kwenye mita ya programu ya kurekodia, ambayo kikomo chake ni sifuri. Wanaoanza hupandisha mpaka wanakaribia sifuri wakidhani ndiyo ubora. Mshindo mmoja ukivuka sifuri, wimbi limekatwa kichwa, na ukarabati wake hautoi sauti safi kama kurekodi upya. Rekodi kwa WAV, faili ya sauti isiyobanwa, ya biti 24, kHz 48. Piga hatua 25 au 30 kwa kila aina ya sakafu, ubaki na 6. Ukitumia moja tu, mhusika akikimbia inasikika kama rashasha, kwa kuwa sikio hukamata marudio haraka mno. Ukiwa na 6, injini ya gemu, yaani programu inayoiendesha, inachagua bila mpangilio na kufanya sauti iwe nyembamba au nzito kwa asilimia 3 hadi 5. Kwenye injini ya Godot 4 kazi hiyo inafanywa na AudioStreamRandomizer.

Kabla ya kuzima, rekodi sekunde 10 za ukimya wa chumba. Ndizo zitakazokusaidia kuondoa mvumo baadaye. Kisha maiki irudi kwenye kopo lenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Hewa ya pwani haina urafiki na maiki za kondensa: zikipata unyevu huanza kukwaruza.

Saa 1:30 asubuhi

Chai, chapati, kusafisha. Kata kila sauti nzito iliyo chini ya Hz 80. Ukisikia mvumo wa Hz 50 au 100, huo ni umeme; chomoa chaja ya kompyuta, ufanye kazi kwa betri, kabla hujakimbilia plagini za kusafisha sauti.

Majina ya faili ni sehemu ya kazi: nyayo_mchanga_01.wav. Usiweke nafasi, wala herufi kubwa. Windows haitofautishi N na n, lakini gemu ikishapakiwa kwenye Android inatofautisha. Hapo ndipo sauti inalia vizuri kwenye kompyuta ya msanidi, yaani mtengenezaji wa gemu, na kuwa bubu kwenye simu, halafu lawama zinakujia wewe.

Saa 3 asubuhi

Kutafuta kazi. Saa nzima, kila siku ya kazi, hata kama kuna kazi mkononi.

Msanidi mdogo anayetafuta mtu wa sauti haulizi sana cheti, anataka kusikia. Andaa kionjo cha sekunde 60 hadi 90, kilicho bora kabisa kikiwa mwanzoni, kwa sababu wengi hawafiki katikati. Bora zaidi, tengeneza kigemu kidogo ndani ya Godot, ambayo ni ya bure kwa leseni ya MIT, hata kama ni boksi linaloruka tu. Ukiweka sauti zako humo unaonyesha kwamba unajua kuziunganisha, na hapo unampunguzia msanidi kazi ya siku mbili. Weka kwenye itch.io, tovuti ya gemu za wasanidi wadogo, kisha ingia kwenye mashindano ya kutengeneza gemu yanayotangazwa huko. Timu nyingi zina mchoraji na mwandishi wa msimbo lakini hazina mtu wa sauti. Global Game Jam, inayofanyika kila mwaka tangu 2009, kwa kawaida huwapa washiriki saa 48. Gemu mbovu iliyokamilika ndani ya saa 48 ina faida kwako kuliko nyimbo kumi zilizoishia nusu.

Saa 5 asubuhi

Muziki wa usuli, unaozunguka bila kushtukiwa. Hapa ndipo prodyuza wazuri wa Bongo Fleva wanapokwama, maana wimbo una mwisho na lupu, kipande kinachojirudia, haina.

Chagua kasi inayotoa hesabu safi. Kwa BPM 96, yaani mapigo 96 kwa dakika, ba 16 za mapigo manne ni sekunde 40 kamili. Tatizo ni mkia wa mwangwi: ukikata kwenye sekunde ya 40, mwangwi wa noti ya mwisho unakufa ghafla na kila mzunguko una kilema. Dawa yake ni kupanga ba hizo 16 mara mbili mfululizo, kisha kutoa mzunguko wa pili peke yake, kuanzia sekunde ya 40 hadi ya 80. Mkia wa mzunguko wa kwanza umeshaingia mwanzoni mwake. Mahali pa kukata, wimbi liwe linapita sifuri, la sivyo utasikia "tk".

Usipeleke MP3. Muundo huo huongeza ukimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa faili, hivyo lupu yako nzuri inachechemea. OGG kwa muziki, WAV kwa milio mifupi.

Saa 7 mchana

Wali maharage kwa mama lishe.

Saa 8 mchana

Msanii amekuja kuingiza sauti. Gemu hazilipi kodi ya nyumba kila mwezi, nyimbo zinasaidia.

Trei za mayai ukutani ni pambo tu. Blanketi zito nyuma ya mwimbaji linafanya zaidi. Soksi nyembamba iliyovutwa juu ya hanga ya waya inazuia mipulizo ya "p" na "b", mdomo ukiwa sentimita 15 kutoka kwenye maiki. Bafa, kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kuitoa, iwe sampuli 128 wakati wa kurekodi. Ukiiacha 1024 msanii anajisikia kwa kuchelewa na anaanza kuimba nje ya mdundo.

Kabla ya maiki kuwashwa, karatasi.

"Kaka, asilimia si tutaongea ikihit?"

"Tuandike sasa hivi mdogo wangu, ikihit hutapokea simu."

Anacheka, lakini anaandika: mashairi nani, mdundo nani, jumla 100, sahihi za wote. COSOTA wanahusika na hakimiliki ya kazi, BASATA na usajili wa msanii na vibali. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Msimbo wa ISRC, herufi na namba 12 za kuitambulisha rekodi, msambazaji wa mtandaoni kwa kawaida hukupa. Hakikisha rekodi moja haipewi miwili.

Saa 11 jioni

Kusikiliza kwenye simu ya bei ya chini, spika yake yenyewe, barazani. Besi ya chini ya Hz 150 karibu yote imepotea. Usiongeze sauti ya besi, ongeza mkwaruzo kidogo juu yake ili sikio lijazie lenyewe.

Msanidi naye ana mzigo wake. Akaunti mpya ya mtu binafsi ya Google Play hulipiwa dola 25 mara moja, halafu anatakiwa awe na wajaribuji 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kuitoa gemu kwa umma. Wengi wanakwamia hapo. Jitolee kuwa mmoja wa wajaribuji hao, ulete na rafiki wawili wenye simu tofauti. Mtu aliyekusaidia kufikisha 12 unamkumbuka unapotafuta wa kumlipa.

Saa 2 usiku

Nakala mbili, diski ya nje na wingu. Faili ziende kwa kiungo, au kwa WhatsApp kama dokumenti, kwa kuwa zikienda kama sauti ya kawaida zinaweza kubanwa. Ankara inakwenda nazo: nusu ilishalipwa mwanzo, marekebisho mawili yamo ndani ya bei, la tatu lina bei yake.